Kabla Hujapiga Msumari: Kutatua Tatizo Kihandisi, kwa Mfano wa Kuanika Karafuu Pemba

Mwaka ule nilikwenda Mtambwe likizo, cheti changu cha ufundi bado kinanukia wino, nikamkuta khalati yangu, dada wa mama, anashindana na wingu. Majamvi sita ya karafuu yako uani, upande wa bahari kumefunga, naye na binti wa jirani wanakimbizana kukunja na kubeba. Mawili waliyawahi. Manne yalirowa. Usiku nikamwambia, "Khalati, tulia, mie ntakutengenezea kitu."

Siku mbili baadaye kibanda cha nailoni kilikuwa kimesimama. Fito nimezichonga vizuri, nailoni nimeivuta mpaka inalia kama ngoma, na kila aliyepita njiani alinipongeza. Mvua ikaja, ikakaa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nilipofungua mlango, ufukuto ulinipiga usoni, matone yanadondoka kutoka kwenye dari ya nailoni, na karafuu zimepauka, zimesinyaa, zinanuka uchachu. Zile zilizorowa uani siku ya kwanza, kisha zikapata kianga asubuhi, zilikuwa na hali afadhali kuliko hizi zangu.

Khalati hakunisema. Alichukua konzi moja, akainusa, akaimwaga. "Mwanangu, hukuniuliza."

Ninachokieleza hapa ni utaratibu wa usanifu wa kihandisi, ule ule niliofundishwa darasani na nikauacha darasani. Nitaueleza kwa kazi ya karafuu kwa sababu ndiyo iliyonitia adabu, lakini unafaa kwa tangi la maji linalovuja, dawati la skuli linalochana nguo za watoto, au banda la kuku linaloingiliwa na kicheche. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji daftari, saa, mizani na subira, na katika hivyo vinne kinachoadimika ni cha mwisho.

Hatua ya 1: Litazame tatizo kabla hujalipa jina

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na ndipo watu wengi wanapopita mbio. Mtu akikwambia "tatizo letu ni mvua", amekupa jina tu. Mvua huwezi kuisanifu.

Safari ya pili nilikaa kwenye baraza ya khalati siku tatu, mikono mitupu, nikiandika. Nilianza kuhesabu saa pale upepo unapogeuka na majani ya mgomba yanapoanza kupindua tumbo, mpaka tone la kwanza linapoanguka. Katika mvua tatu nilizozipima, wastani ulikuwa dakika saba. Kisha nikapima ukunjaji. Jamvi moja lilitaka watu wawili na dakika tatu: kukusanya karafuu katikati, kukunja, kubeba, kumwaga ukumbini, kurudi. Majamvi sita ni dakika kumi na nane.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa dakika kumi na moja. Hapo nina kitu ninachoweza kukishika.

Daftari likaonesha na jambo la pili, ambalo khalati alilijua siku zote, na ningelijua mapema lau ningeuliza. Karafuu zilizowahiwa zilikuwa zinarundikwa ukumbini. Mvua ikikaa, rundo linashika joto. Tia mkono katikati ya rundo la karafuu mbichi asubuhi utalihisi: lina uvuguvugu kama mtoto mwenye homa. Hapo zinaanza kuvunda. Ndiyo maana kibanda changu kilifeli. Nilizikinga na maji ya juu, nikazifungia na maji yao wenyewe.

Jambo la tatu: wakati wa mvua za mchana watu wenye nguvu hawako nyumbani. Wako juu ya mikarafuu wanachuma. Aliyebaki ni bibi, mtoto mchanga na kuku.

Ukishatazama, andika tatizo kwa sentensi moja yenye mambo matatu: nani, anahitaji nini, na kwa kiasi gani. Yangu ilikuwa hivi: "Mama wa makamo, akiwa peke yake, anahitaji kuzitoa mvuani karafuu za majamvi sita ndani ya dakika tano, na ziendelee kupata hewa zikiwa zimekingwa hata mvua ikikaa siku mbili."

Iangalie sentensi hiyo. Haina neno nailoni, haina paa, haina mashine. Ukikuta sentensi yako imetaja chombo, umeshajibu kabla ya kuuliza, kifute. "Tunahitaji kisima" ni jibu. Swali lake huenda likawa "watoto wa darasa la asubuhi wanachelewa kwa sababu bomba hutoka maji saa kumi na moja alfajiri tu", na swali hilo lina majibu mengine, mengi yao rahisi kuliko kisima.

Na hiyo "nani" usiichukulie mchezo. Tazama kilimo cha mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Kilipoanza kushamiri mwaka 1989, kilikuwa cha vigingi na kamba kwenye maji madogo, na wanawake ndio walioushika. Maji yalipozidi joto, ule mwani mnene wenye bei nzuri, kotonii, ukaanza kufa. Jibu la haraka: upelekwe maji makubwa, kuna ubaridi. Sawa, lakini maji makubwa yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi hawakuwa na hiki wala kile. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walipoleta nyavu za mrija za kupandia mwani majini kwenye kina, suala la mashua na kuogelea nalo ilibidi liingie kwenye hesabu. Wavu peke yake ungebaki pwani.

Hatua ya 2: Andika masharti, tenga ya lazima na ya kupendeza

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika "lazima", wa pili "ingefaa". Upande wa lazima uwe mfupi, na kila sharti liwe na namba au jibu la ndiyo au hapana. "Iwe rahisi kutumia" si sharti, kwa sababu huwezi kulipima. "Mtu mmoja aweze kuitumia bila kuinua zaidi ya kilo kumi" ni sharti.

Yangu ya lazima yalikuwa haya. Mtu mmoja, dakika tano. Karafuu zisiguse ardhi wala sakafu, maana mchanga na uchafu vinashusha daraja kituoni zinakouzwa. Hewa ipite chini na juu. Vifaa vyote vipatikane Wete, na fundi wa kijijini aweze kuvitengeneza vikiharibika. Gharama isizidi thamani ya karafuu zinazoharibika kwa msimu mmoja; ikizidi, ni heri kuziacha zirowe.

Sharti la mwisho: pasiwe na umeme. Kijana mmoja alinishauri feni, na kwa karatasi feni ni jibu zuri. Lakini mimi ni katika watu wanaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara. Pemba wakati huo ilikuwa bado kwenye majenereta ya Wesha. Waya wa kutoka Tanga ulianza kazi mwaka huo huo wa 2010. Leo hali ni nzuri zaidi. Hata hivyo mvua kubwa na umeme kukatika ni ndugu, na chombo kitakachohitajika wakati wa mvua kisitegemee kitu kinachokimbia mvua.

Upande wa "ingefaa" niliandika: kifae pia kwa mazao mengine, kikunjwe msimu ukiisha, kipendeze. Kupendeza nikakiweka chini kabisa, kwa adabu ya kile kibanda.

Hatua ya 3: Tafuta kinachojulikana

Wenzio wamekutangulia. Uliza wazee, uliza mafundi, soma.

Kwanza kijue kitu chenyewe. Karafuu mbichi, uzito wake karibu theluthi mbili ni maji. Ikikauka vizuri hubaki na unyevu wa kama asilimia 12, ndiyo maana kilo tatu mbichi hukupa takriban kilo moja kavu. Jua likiwa kali huchukua siku tatu hadi tano. Kavu unaijua kwa vidole: ivunje shina, ikilia "ta!" iko tayari, ikijipinda rudisha juani. Pia moto mkali si rafiki yake, kwa sababu harufu na ladha yake viko kwenye mafuta, na mafuta hayo hupaa. Hayo tu yalinifutia mawazo mawili niliyokuwa nayo, la tanuri la kuni na la bati jeusi la kuanikia juu yake.

Kisha jua msimu. Mavuno hushika kuanzia katikati ya mwaka na kuendelea, na vuli, Oktoba hadi Disemba, inaangukia humo humo. Kwa hiyo mvua ya ghafla si bahati mbaya ya mwaka mmoja. Ni sehemu ya kazi, na chombo kiundwe kikiijua.

Halafu nikasoma habari za mbali. Visiwa vya Karibi, Grenada na Trinidad, wanaanika kakao kwenye hali ya hewa inayofanana na yetu. Trinidad walijenga nyumba za kuanikia zenye paa linaloteleza: jua likiwaka paa linasukumwa pembeni, mvua ikija linarudishwa. Grenada walifanya kinyume, paa limetulia na vyano vikubwa vya kakao, yaani sinia za mbao, vinatoka na kuingia chini yake kwa reli, kama mtoto wa meza. Nilipoiona hiyo nilicheka peke yangu. Watu wa bahari nyingine kabisa walishazipunguza dakika zangu kumi na moja zamani.

Usione haya kuiga. Haya ni kuanza upya kitu ambacho kipo.

Hatua ya 4: Toa mawazo mengi, na usimcheke mtu

Chagua jioni moja, tandika mkeka, waite wanaohusika. Kanuni ni moja: hakuna kukosoa mpaka yafike mawazo kumi. Sisi tulifika kumi na mbili. Mjomba alitaka kuezeka uwanja mzima. Binti wa jirani alitaka majamvi madogo yenye vishikio. Mtoto wa miaka tisa akasema, "Tuzianike kitandani, mvua ikija tusukume kitanda ndani." Tulivunja kanuni, tukacheka. Andika hata hilo. Litarudi.

Hatua ya 5: Chagua kwa hesabu

Ukiachia mazungumzo, linashinda wazo la mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo chukua mawazo manne yaliyovuka masharti ya lazima, uyape alama moja hadi tano kwa kila kigezo, na kila kigezo ukipe uzito wake. Mimi kasi niliipa uzito wa tatu, hewa tatu, gharama mbili, urahisi wa kutengeneza moja.

Kibanda cha nailoni kikitobolewa madirisha juu na chini: kasi 5, hewa 3, gharama 2, matengenezo 2. Ukizidisha na kujumlisha unapata 30. Nailoni ya kawaida juani hukakamaa na kupasuka mapema, na ile ngumu ya mabanda ya mboga ni ghali, ndiyo maana ya alama ndogo mwishoni. Paa la kuteleza: 4, 5, 1, 2, jumla 31. Kitanda cha magurudumu: 2, 4, 3, 4, jumla 28, uwanja wa khalati ni mchanga, magurudumu yangezama. Vyano vya kuteleza chini ya paa dogo: 4, 4, 3, 4, jumla 34.

Nakuonya juu ya jambo moja. Ukiona jumla imekutia huzuni kwa sababu kipenzi chako kimeshindwa, utashawishika kurudi kuongeza alama kidogo hapa na pale. Usifanye hivyo. Kama unaamini uzito wa kigezo umekosewa, ubadilishe mbele ya wenzako, useme kwa nini, na hesabu irudiwe yote.

Kitanda cha mtoto yule kilishindwa, lakini tulichukua wavu wake. Kitanda cha kamba kina matundu, hewa inapita chini yake, kinabeba mtu mzima na bado ni chepesi. Sakafu ya chano chetu ikawa kamba zilizosukwa kama kitanda, juu yake wavu laini. Yeye ameshaamini kitu chote ni chake, na hatujamkatalia.

Hatua ya 6: Tengeneza kielelezo, kidogo na cha bei ndogo

Usijenge kitu kizima. Jenga sehemu ambayo una wasiwasi nayo.

Wasiwasi wangu wa kwanza ulikuwa je, vyano viwili vikikaa ghorofa, cha juu kikitoka hakitakitia kivuli cha chini? Hilo nililijibu kwa boksi la biskuti, mkasi na vijiti vya kiberiti, kwa dakika ishirini na bila senti. Jibu: kitatia kivuli, kama vyote vinatokea upande mmoja. Basi cha juu kitokee upande huu na cha chini upande wa pili.

Wasiwasi wa pili ni uzito na msuguano. Huo boksi halikujibu, kwa hiyo nikatengeneza jozi moja tu kwa kipimo kamili. Kila chano mita mbili kwa mita moja, fremu ya papi, kamba zimesukwa, wavu juu. Miguu na reli ni mbao mbili kwa nne, na nguzo ni boriti kuukuu zilizobaki kwenye banda la ng'ombe. Reli tulizisugua sabuni ya mche. Fundi seremala alitaka magurudumu madogo ya chuma. Nikamwambia tujaribu sabuni kwanza, kutu ya pwani tunaijua. Sabuni ilitosha.

Kimo cha reli ya juu nilikipima kwa kumsimamisha khalati na kuuliza mkono wake unafika wapi bila kuinama wala kunyanyua bega. Sikukipima kwa mwili wangu. Mimi ni mrefu kumshinda kwa kichwa kizima, na kosa la namna hiyo nimeliona kwenye karo za jikoni, kwenye vitasa vya milango na kwenye mabomba ya msikitini.

Hatua ya 7: Jaribu kwa haki

Jaribio la haki lina mambo mawili: kitu cha kulinganisha nacho, na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Karafuu za mti mmoja, zimechambuliwa siku moja, tukazipima kilo tisa kwenye jamvi na kilo tisa kwenye chano. Kila magharibi tukazipima tena kwa mizani ya kuning'iniza. Jamvi lilishuka kutoka tisa hadi 6.9, kisha 5.2, kisha 4.0, na siku ya nne 3.3. Chano kilikwenda 6.6, 4.7, 3.6, na siku ya nne 3.2. Yaani siku ya tatu kilishatangulia, kwa sababu kinapumua chini. Si muujiza, ni karibu nusu siku. Lakini katika vuli nusu siku ni kitu.

Jaribio la kasi nililifanya kwa hila. Mtu akijua anapimwa huharakisha, na mvua haitoi taarifa. Nilingoja khalati akiwa anaosha vyombo, mikono imejaa povu, nikapiga kelele, "Mvua!" na kubonyeza saa ya simu. Chano kimoja kilimchukua sekunde kumi na nane, kutembea kumejumuishwa. Kwa vyano vinane, idadi tuliyokusudia kutengeneza, ni chini ya dakika mbili na nusu. Alipogundua hakuna mvua alinirushia kata. Nililiandika na hilo.

Wiki iliyofuata mvua ya kweli ikaja, na chano cha chini kikagoma katikati ya reli. Kilikuwa kimekwenda vizuri mara ishirini. Mbao ilikuwa imekunywa unyevu wa usiku, ikavimba, na mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya unene wa kadi ya simu. Fundi seremala akasema angenambia lau ningemuuliza. Sentensi hiyo naijua sasa.

Kwa hiyo kwenye kila jaribio jiulize pia: kikishindwa, kinashindwaje? Chano kikigoma nje na mvua inanyesha, mtu anafanya nini? Tuliongeza msumari mmoja kwenye nguzo na kutundika kipande cha turubai cha kufunikia chano kimoja. Hakijatumika zaidi ya mara mbili, na hapo kinakaa.

Hatua ya 8: Rekebisha, rudi nyuma, rekebisha

Watu huuchora utaratibu huu kama ngazi. Ukweli wake ni kama njia ya kwenda shamba, unarudi mara tatu kuchukua ulichosahau. Cha kujua ni urudi wapi. Chombo kikiwa kinafanya kazi lakini kinakwama, rudi kwenye kielelezo. Kikiwa kizuri lakini hakitumiki, rudi mpaka hatua ya kwanza, kwa sababu hukumjua mtu wako.

Kosa langu kubwa la raundi hii lilikuwa la jua. Nilikiweka chombo vyano vikitokea mashariki na magharibi, kwa sababu uwanja umekaa hivyo. Asubuhi paa linatia kivuli vyano vya magharibi, mchana ukigeuka linatia kivuli vile vya mashariki. Kila chano kilikuwa kinapoteza sehemu ya jua lake kila siku, na mimi nimekaa barazani nasifu reli. Tuliligundua kwenye mizani: vyano viwili, karafuu zile zile, uzito wa saa sita mchana haufanani. Dawa ilikuwa kuking'oa na kukigeuza robo duara, vyano vitokee kaskazini na kusini. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua linapita karibu na utosi, na kivuli cha paa asubuhi na jioni kinaangukia pembeni badala ya kuangukia kwenye vyano. Nilipaswa kulijua hilo tangu boksi la biskuti. Ningekwenda nalo nje juani, nikaliangalia kutwa moja, ningeokoa siku mbili za kuchimba mashimo.

Mengine yalikuwa madogo. Nafasi ya reli ikawa upana wa kidole. Ukingo wa chano ukapandishwa inchi mbili, kwa sababu upepo ulikuwa unazipeperusha zile zilizokwisha kukauka. Kuku aligundua chano cha chini, akaona ni mahali pa kutagia. Tukaweka wavu pembeni.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo tulipotengeneza jozi tatu zilizobaki, chini ya paa la mita nne kwa mbili.

Hatua ya 9: Andika, kisha kabidhi

Mchoro mmoja wenye vipimo, orodha ya vifaa na bei ulizolipa, na ukurasa wa vilivyoshindikana. Huo ukurasa wa mwisho ndio wenye thamani kwa atakayekuja baada yako, na ndio watu huuficha. Wa kwangu unaanza na kibanda cha nailoni, tarehe, na maneno "hakikuwa na pa kutolea mvuke".

Kukabidhi kuna namna yake. Usimwoneshe mtu jinsi ya kutumia. Mwachie atumie, wewe kaa kimya utazame mkono wake unakwenda wapi kwanza. Khalati alishika chano kwenye kona, hakugusa kishikio nilichokichonga kwa nusu siku. Nilikitoa kishikio, nikalainisha kona kwa msasa.

Nilimpigia simu msimu ulipokwisha. Vyano sita amevisimamisha ukutani ndani, amevifunika kanga kuukuu. Viwili anaanikia dagaa, na ili visije vikarudi kwenye karafuu mwakani amevichora msalaba wa mkaa, huku na huku. Nikamuuliza mkaa hautafutika? Akasema ameshatia moto msumari na kuviunguza alama juu ya ule mkaa. Nimeiongeza kwenye mchoro, kona ya kulia, na mshale.